Mafuta ya Gari la Chama: Kipimo Kwanza, Matengenezo Pili, Lawama Mwisho

Katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha msingi, kifungu cha matumizi ambacho aghalabu huzua maneno mengi ni kile kiandikwacho "mafuta na matengenezo ya gari". Mwanachama aliyeketi nyuma husimama akauliza kwa nini pikapu moja imekula fedha nyingi kuliko mishahara ya makarani wawili. Katibu hujibu kuwa bei ya mafuta imepanda. Mjumbe mmoja humnong'oneza mwenzake kuwa dereva siku hizi amejenga. Fundi naye, akiulizwa, husema gari limechoka. Yawezekana kila mmoja wao amesema kweli, na yawezekana wote wamekosea. Lililo baya ni kwamba katika vyama vingi hakuna karatasi inayoweza kuamua kati yao.

Makala haya yanaeleza namna chama kinavyoweza kujua gari lake linakula mafuta kiasi gani, sababu zinazofanya ulaji huo uongezeke, na kazi ndogo ndogo za matengenezo zinazozuia hasara hiyo. Jambo la msingi ni moja: pasipo kipimo, chama hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa injini, ubaya wa barabara na mkono wa mtu. Chama kisichoweza kutenganisha hayo kitamfukuza dereva mwaminifu au kitamlinda mwizi, na katika hali zote mbili mkulima ndiye atakayelipa.

Fedha hizi ni za nani

Gari la chama haliendeshwi kwa fedha ya serikali wala ya mfadhili. Huendeshwa kwa ushuru unaokatwa katika kila kilo ya mazao ipimwayo kwenye mizani. Na ichukuliwe hesabu ifuatayo kuwa mfano. Pikapu ya dizeli inatembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Ikiwa nzima na ikiendeshwa vizuri, inakwenda kilomita 10 kwa lita moja. Itatumia lita 150. Ikiwa imeachwa bila matunzo hata ikashuka kufikia kilomita 7.5 kwa lita, itatumia lita 200 kwa safari zile zile. Tofauti ni lita 50 kila mwezi. Bei ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, hasara ni shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka.

Sasa hesabu hiyo na irudishwe shambani. Iwapo chama kinakata ushuru wa shilingi 50 kwa kilo, shilingi 1,800,000 ni ushuru wa kilo 36,000. Hayo ni magunia 720 ya kilo 50 yaliyochumwa, yakaanikwa, yakabebwa na kupimwa, ili kulipia mafuta ambayo hayakuongeza hata safari moja. Kila katibu aweza kuweka tarakimu za chama chake mahali pa tarakimu hizi, akaona mwenyewe.

Wazee wa ushirika wanakumbuka kwamba funzo hili si jipya. Bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974, kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi kukaribia dola 12, kisha ikapanda tena kuanzia mwaka 1979. Katika miaka hiyo ya shida, magari ya watu binafsi nchini Tanzania yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri ili mafuta yatoshe. Leo mafuta yapo vituoni, na bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi. Chama hakina uwezo wa kuipunguza bei hiyo. Kinao uwezo wa kupunguza idadi ya lita.

Jinsi ya kupima

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo cha mafuta hakihitaji chombo chochote cha kununuliwa. Kinahitaji kitabu cha safari, kalamu, na mita ya kilomita inayofanya kazi. Ikiwa mita ya gari imekufa, kuitengeneza iwe ndiyo kazi ya kwanza, kwa maana gari lisilo na mita ni kama mizani isiyo na mawe. Usahihi wake waweza kupimwa kwa kulinganisha na nguzo za kilomita zilizo kando ya barabara kuu: gari litembee nguzo 20, kisha mita isomwe. Matairi makubwa kuliko yale yaliyokuja na gari huifanya mita isome pungufu.

Njia ya kupima ni hii. Tangi lijazwe mpaka mashine ya kituo ikate yenyewe kwa mara ya kwanza, kisha mita isomwe na kuandikwa. Gari lifanye kazi zake za kawaida. Siku ya kununua mafuta tena, tangi lijazwe vivyo hivyo, ikiwezekana katika kituo kile kile na gari likiwa limesimama mahali pa tambarare. Lita zilizoingia mara hii ndizo zilizotumika tangu tangi lilipojazwa mara ya kwanza. Kilomita zilizotembewa zigawanywe kwa lita hizo. Kama gari limetembea kilomita 480 na tangi limepokea lita 50, basi limekwenda kilomita 9.6 kwa lita.

Ujazaji mmoja hautoshi kutoa hukumu, kwa sababu lita moja au mbili zaweza kuzidi au kupungua kwa mwinamo wa gari au kwa povu la dizeli. Katibu achukue wastani wa kujaza mara tatu au nne. Fauka ya hayo, gari lililobeba tani moja katika barabara ya matope lisilinganishwe na gari tupu katika lami. Msimu wa ununuzi ulinganishwe na msimu wa ununuzi wa mwaka uliopita, na masika yalinganishwe na masika.

Katika kitabu cha safari kila mstari uwe na tarehe, mahali gari litokapo na liendako, kazi iliyofanywa, mzigo, mita wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, lita zilizonunuliwa, namba ya risiti, na sahihi ya dereva pamoja na ya aliyeagiza safari. Chama kinachonunua mafuta ya shilingi 20,000 leo na ya shilingi 30,000 kesho, bila kujaza tangi wala kusoma mita, kina risiti nyingi lakini hakina kipimo.

Injini inavyokula

Ili matengenezo yaeleweke, inafaa kujua injini inafanya nini. Injini ya dizeli, iliyopewa jina la mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897, haina plagi za kuwashia moto. Hewa hukandamizwa ndani ya silinda hata ikawa ya moto mkali, kisha mafuta hurushwa humo na noseli yakiwa kama ukungu mwembamba, nayo huwaka yenyewe. Injini ya petroli huvuta hewa na mafuta, ikavikandamiza kwa kiasi kidogo zaidi, kisha ikaviwasha kwa cheche ya plagi.

Katika injini zote mbili hewa ni nyingi kuliko mafuta. Lita moja ya dizeli haiwezi kuungua yote bila kilo 12 hivi za hewa, yaani mita za ujazo 10. Hiyo ni hewa yote ya chumba chenye upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kimo cha mita 2 na nusu. Pikapu inayotumia lita 150 kwa mwezi huvuta si chini ya vyumba 150 vya hewa, tena hewa ya barabara ya vumbi. Kwa sababu hiyo chujio la hewa si pambo, na mwanzo wa moshi mweusi mara nyingi ni hapo.

Aidha, hata katika injini nzima, sehemu kubwa ya joto la mafuta hutoka kwa bomba la moshi na kwa rejeta. Kama theluthi moja tu ndiyo hugeuka kuwa kazi. Theluthi hiyo ndiyo inayogombaniwa na mzigo, milima, upepo, matairi na breki. Kila kitu kinacholizuia gari kuserereka kinaila.

Matengenezo yasiyohitaji fundi

Kazi nyingi za kuokoa mafuta na injini ni za dereva, nazo huchukua dakika chache kila asubuhi kabla injini haijawashwa. Aangalie oili kwa kijiti chake, gari likiwa mahali pa tambarare. Usawa uwe kati ya alama mbili. Oili iliyozidi alama ya juu nayo ina madhara, hivyo isidhaniwe kuwa nyingi ndiyo nzuri. Aangalie maji ya rejeta injini ikiwa baridi, mkanda wa feni, na kama kuna dalili ya mafuta au oili kudondoka chini. Tone moja la dizeli kila sekunde chache ni kidebe kizima mwishoni mwa msimu.

Mara moja kwa wiki upepo wa matairi upimwe kwa geji, asubuhi, kabla matairi hayajapata joto. Kipimo kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au katika kitabu cha gari. Aghalabu kuna kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kupiga tairi teke hakupimi upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulalia barabara, hupata joto, huisha kingo zake, na hufanya injini ivute kwa nguvu zaidi. Upotevu wa mafuta kwa sababu hiyo pekee waweza kufika asilimia 3 hivi, na gharama ya tairi lililokufa kabla ya siku zake ni kubwa kupita hiyo.

Baada ya safari, dereva aweke mkono karibu na kila rimu, bila kuigusa mara moja. Gurudumu lililo la moto kuliko mengine huashiria breki inayoshika. Gari lenye breki inayoshika linavuta mzigo usioonekana kutwa nzima, nalo humaliza mafuta na bitana za breki kwa pamoja.

Matengenezo ya kila kilomita kadhaa

Kwa pikapu nyingi za dizeli zitembeazo katika vumbi, oili ya injini na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 5,000. Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Aina ya oili nayo iwe ile iliyoandikwa humo, kwani oili nzito kuliko inavyotakiwa huipa injini kazi ya bure. Baadhi ya watu huihukumu oili kwa rangi. Katika injini ya dizeli oili huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, kwa sababu inachukua masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Kinachohesabiwa ni kilomita, si weusi. Katibu aandike kilomita za kubadilisha oili kwenye kipande cha karatasi na kukibandika mbele ya usukani.

Chujio la hewa lifunguliwe kila oili inapobadilishwa, na mara nyingi zaidi wakati wa kiangazi. Chujio la karatasi hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje; haliogeshwi kwa petroli wala halipigwi chini, maana tundu dogo kama la sindano hupitisha mchanga unaosaga silinda. Bomba la mpira kati ya chujio na injini nalo likaguliwe kama lina ufa. Katika injini za petroli za kisasa zenye kompyuta, chujio chafu huondoa nguvu zaidi ya kuongeza ulaji. Lakini dereva anayekosa nguvu hukanyaga zaidi, na matokeo hayapishani sana.

Chujio la dizeli hukusanya maji chini yake. Maji hayo hufunguliwa kwa kizibo kilichopo, na yakiachwa hutia kutu pampu na noseli, vipuri ambavyo bei yake yaweza kumaliza akiba ya chama. Noseli zenyewe zipelekwe kupimwa kwenye mashine na fundi mwenye mashine hiyo mara gari linapotoa moshi mweusi licha ya chujio la hewa kuwa safi. Noseli inayodondosha badala ya kurusha ukungu huunguza mafuta nusu.

Rangi ya moshi ni lugha ambayo kila mjumbe wa bodi aweza kujifunza. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa au yaliyozidi. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto ni mafuta yasiyowaka au maji yanayoingia ndani ya silinda.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hulifanya kwa nia njema, nalo ni kuondoa themostati injini inapochemka. Kifaa hicho huzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, kadiri ya nyuzi 80 na zaidi za Selsiasi. Kikiondolewa, injini hukawia kupata joto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Ugonjwa wa kuchemka aghalabu uko kwenye rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea, au maji ya chumvi yaliyotumiwa mahali pa dawa ya rejeta. Themostati mbovu ibadilishwe, isitupwe.

Mwisho, baadhi ya injini za dizeli, mathalani zile za Toyota Hilux za aina ya 2L na 3L, huendesha valvu kwa mkanda wa meno wenye maisha yaliyowekewa kikomo, aghalabu kilomita 100,000. Katika magari mengi ya aina hiyo, taa yenye maandishi T-BELT huwaka wakati huo unapofika. Mkanda ukikatika safarini, valvu hugongwa na pistoni, na injini hufumuliwa yote. Chama kilichonunua gari lililotumika bila kumbukumbu zake kifanye kama mkanda huo umekwisha.

Mafuta yenyewe

Mafuta yanunuliwe katika vituo vinavyojulikana, na risiti ya mashine idaiwe kila mara ikiwa na namba ya gari. Dizeli ya kwenye madumu kando ya njia huja na maji, uchafu na wakati mwingine mafuta ya taa. Uchanganyaji huo ulikithiri hata EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikaongezwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Pampu ya noseli, ambayo hulainishwa na mafuta yale yale inayoyasukuma, husagika.

Mguu wa dereva na kalamu ya katibu

Gari zima laweza kupoteza mafuta kwa mguu mzito. Nguvu ya upepo unaolizuia gari huongezeka kwa mraba wa mwendo: gari likitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, kizuizi cha upepo hukaribia kuwa mara mbili. Dereva aanze safari taratibu, aongeze gia mapema bila kuikaba injini, na atazame mbele ili asilazimike kufunga breki kila mara, kwani kila breki inayofungwa hutupa mwendo ulionunuliwa kwa mafuta. Kuacha injini ikinguruma wakati wa kupakia magunia hugharimu nusu lita hadi lita moja kwa saa.

Madereva wengi huamini kwamba kuteremka mlima gia ikiwa huru huokoa mafuta. Imani hiyo ni kosa, tena ni kosa la kuua. Gari likiteremka likiwa katika gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, pampu hukata mafuta, na magurudumu ndiyo huzungusha injini. Likiwa huru, injini huendelea kula ili isizime, na mzigo wote hubebwa na breki ambazo zikipata joto huacha kushika.

Walakini dereva hawezi kuokoa mafuta ya safari isiyopasa kufanywa. Hapo kazi ni ya katibu. Safari ya benki, ya Chama Kikuu na ya kuchukua pembejeo ziunganishwe kuwa safari moja. Gari liendalo kijijini na mifuko ya mbolea lirudi na magunia ya mazao. Mwenyekiti anayetaka kwenda msibani kwa gari la chama aandikwe katika kitabu kama mtu mwingine, na bodi iamue iwapo safari hiyo italipiwa na nani. Katika vyama vingine akiba kubwa imelala katika ukurasa huo kuliko katika injini.

Kusoma tarakimu kabla ya kulaumu

Na ifikiriwe bodi ambayo imepokea taarifa ya miezi minne. Mwezi wa kwanza gari lilitembea kilomita 1,520 kwa lita 150, sawa na kilomita 10.1 kwa lita. Mwezi wa pili lilitembea kilomita 1,480 kwa lita 154, sawa na 9.6. Mwezi wa tatu kilomita 1,510 kwa lita 172, sawa na 8.8. Mwezi wa nne kilomita 1,490 kwa lita 193, sawa na 7.7. Wajumbe wanaoona lita tu watasema mafuta yanauzwa. Pendekezo la kumwachisha dereva kazi litaletwa, na huenda likapita.

Katibu mwenye kitabu ataona zaidi. Tarakimu zimeshuka polepole, kila mwezi chini ya uliotangulia, na kila ujazaji unafuata mteremko huo huo bila kuruka. Barabara, mzigo na msimu havikubadilika. Mteremko wa namna hiyo kwa kawaida ni wa chombo kinachougua: chujio linaloziba, noseli inayochakaa, upepo wa matairi unaopungua, breki iliyoanza kushika. Gari na liende kwa fundi kwanza, kila hitilafu iandikwe, kisha kipimo kirudiwe. Kikirudi kuwa karibu na kilomita 10, bodi itakuwa imepata jibu, na mtu mwaminifu atakuwa amebaki na kazi yake.

Mkono wa mtu huacha alama nyingine. Ujazaji mmoja hutoa kilomita 10, unaofuata 6, unaofuata 10 tena. Au ulaji hupanda katika safari za njia fulani, au za siku fulani, au gari linapolala nje ya kituo chake. Au kilomita huongezwa kitabuni ili tarakimu zipendeze, na ndiyo sababu umbali wa kila njia ya kawaida upimwe mara moja na kubandikwa ofisini: kama kutoka ghalani hadi mjini na kurudi ni kilomita 64, safari iliyoandikwa kilomita 90 sharti iwe na maelezo. Au lita zilizo kwenye risiti huzidi ujazo wa tangi lenyewe, jambo ambalo mkaguzi yeyote makini huliona mapema.

Hata hivyo tarakimu haitoi hukumu peke yake. Mtu mjanja aweza kuchukua kidogo kidogo kila mara, na mchoro wake ukafanana na wa injini mbovu. Kwa hiyo utaratibu ni ule ule: kwanza gari lithibitishwe kuwa zima, kisha lipimwe katika safari ambayo mjumbe wa bodi amekaa ndani. Tofauti ikibaki baada ya hapo, dereva aitwe, aonyeshwe kitabu, asikilizwe. Naye dereva ambaye kila siku ameandika na kutia sahihi ana kitabu hicho hicho cha kujitetea.

Mambo ya kupitishwa na bodi

Inashauriwa kila chama chenye gari kifikirie mambo yafuatayo katika kikao chake kijacho.

Kwanza, mita ya kilomita itengenezwe, na kitabu cha safari kifunguliwe chenye safu zote zilizotajwa.

Pili, mafuta yanunuliwe kwa kujaza tangi, na mfuniko wa tangi uwe na kufuli.

Tatu, kilomita kwa lita zikokotolewe na katibu kila mwezi na kusomwa katika kikao cha bodi pamoja na hesabu nyingine.

Nne, nakala ya kurasa za matengenezo kutoka kitabu cha mtengenezaji ibandikwe ofisini, na fedha ya oili na machujio itengwe katika makisio ya mwaka isiguswe kwa kazi nyingine. Bodi inayoahirisha kubadilisha oili ili kuokoa fedha haijaokoa kitu. Imekopa kwa injini, na injini hudai deni lake katikati ya msimu, mazao yakiwa juani.

Tano, gari lifikie kiwango kilichokubaliwa baada ya kutengenezwa, na kiwango hicho kiandikwe. Kikishuka kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kwa miezi miwili mfululizo, gari liende kwa fundi bila kusubiri kuharibika.

Chama kikitimiza hayo, mwanachama wa nyuma akisimama katika mkutano mkuu ujao kuuliza habari za mafuta, katibu hatakuwa na haja ya kusema bei imepanda na kuketi. Atafungua kitabu na kumsomea: gari limetembea kilomita hizi, limebeba magunia haya, limekula lita hizi, na mwaka uliopita lilikula hizi. Mwanachama atakuwa na haki ya kuridhika au kutoridhika, lakini atakuwa anazungumza juu ya jambo analolijua.